Fahali Kwenye Njia ya Ndege

Mtu wa kwanza aliyepigwa na Gaspari Ntandu kwa ajili ya ndege alikuwa mama yake mzazi.

Ilikuwa mwaka wa pili baada ya uhuru. Uwanja wa ndege nje ya mji wa Singida ulikuwa bado mgeni machoni pa watu, kipande kirefu cha ardhi kilichonyolewa kama kichwa cha mfiwa. Njia ya zamani ya kwenda kuchota maji ilipita katikati yake, na akina mama hawakuona sababu ya kuzunguka mbali eti kwa sababu ya kitu kinachokuja mara mbili kwa juma. Mama huyo alikuwa na sikio moja bovu. Alikuwa katikati ya uwanja, mtungi kichwani, na ndege inashuka nyuma yake. Gaspari alipiga filimbi, akapiga kelele, mwisho akakimbia akamchapa fimbo ya miguu mpaka mtungi ukavunjika na mama akaangukia kwenye nyasi za pembeni. Magurudumu yakapita. Mama alipoinuka alimtazama mwanawe, akatema mate chini, akasema kwa Kinyaturu neno ambalo Gaspari hakulirudia kwa mtu yeyote, hata kwa mkewe Raheli.

Kaka yake mkubwa, Damiani, aliyekuwa akiishi Mungaa, alipoletewa habari alisema: "Basi amepata kazi ya kupiga watu. Mwacheni. Atatufikia wote."

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Shirika la ndege lilikuwa moja kwa nchi tatu, Kenya, Uganda na sisi. Ndege ya Singida ilikuja Jumanne na Ijumaa kutoka Dodoma, ikashusha magunia ya barua, daktari mmoja, labda padri mmoja, ikapakia watu wawili watatu na kuku, ikaenda zake Tabora. Gaspari alifyeka nyasi. Alipaka chokaa mapipa ya pembeni. Alifukia mashimo ya mhanga, kwa maana mhanga hajui serikali, anachimba popote penye mchwa. Alitundika mfuko wa upepo juu ya mlingoti, ule watu waliouita suruali ya Gaspari, na saa ya ndege kukaribia aliwasha moshi wa majani mabichi ili rubani aone upepo unakwenda wapi. Abiria aliwapima kwenye mizani ileile iliyopimia karanga, mtu na mzigo wake, na mwanamke aliyekataa kupanda mizani hakupanda ndege.

Lakini kazi kubwa ilikuwa kufukuza. Mbuzi, punda, watoto, walevi wanaotoka kilabuni, wachunga ng'ombe waliofuata majani mazuri. Gaspari alikuwa na rungu la mpingo na hakuwa na maneno mengi. Alimvunja kijana mmoja meno mawili ya mbele. Alimpiga mlevi mmoja akazirai, ndege ikatua, kisha akammwagia maji. Na yeye alipigwa: kuna wachungaji watatu waliomvizia siku moja wakamwacha na kovu la kutoka nyusi mpaka sikioni. Kesho yake alikuwa uwanjani na kitambaa kichwani kilicholowa damu, anawasha moshi. Ukimwuliza kwa nini, alisema: "Niliona mara moja mbwa aliyepitiwa na ile pangaboi ya ndege. Wewe hujaona."

Damiani hakuwahi kufika uwanjani. Ndugu hao walisalimiana kwenye misiba tu.

Halafu ikaja Operesheni.

Mwaka wa sabini na nne watu waliokuwa wametawanyika waliambiwa wahamie vijijini, na waliochelewa wakahamishwa. Asubuhi moja lori la mgambo lilisimama uwanjani. Kamanda wao alishuka, akaomba mafuta ya taa kwa jina la serikali. Gaspari alikuwa na madebe manne ya mafuta, ya kujazia makopo aliyoyawasha pembeni mwa njia ikiwa ndege imechelewa na giza linaingia. Akatoa debe moja. Hakuuliza ni la nini. Debe lilikuwa na mstari mweupe ubavuni, aliupaka yeye mwenyewe ili lisiibwe.

Mchana ule walifika Mungaa. Tembe ya Damiani ilikuwa ya baba yao, udongo na magogo, imekaa pale tangu wakati wa Wajerumani. Damiani alikataa kutoka. Walimtoa wanne wakimburuta, wakampiga mateke mbavuni mbele ya wanawe, mkewe akapigwa kitako cha bunduki mgongoni. Magogo yale ya paa yalikuwa makavu ya miaka mingi. Walipomimina mafuta, Damiani akiwa amelala kifudifudi, uso umegeukia upande, aliona debe. Aliona mstari mweupe.

Mkewe hakufika mvua za mwaka ule. Alikuwa akikojoa damu tangu siku hiyo, na siku moja hakuamka.

Na kijiji kipya walichopelekwa, watu wakakiita Kambini, kiliwekwa wapi? Ubavuni mwa uwanja wa ndege, kwa sababu pale palikwisha kufyekwa. Damiani akajenga kibanda hatua mia mbili kutoka kwenye mlingoti wa suruali. Gaspari alikwenda kumsalimia siku ya pili, kofia mkononi.

"Shikamoo, kaka."

Damiani alikuwa anakoroga udongo kwa miguu. Hakuitika. Kwetu mkubwa asipoitikia shikamoo, maana yake umekufa na bado hawajakuzika.

Ng'ombe wake walipona, kama arobaini. Kati yao palikuwa na ndama dume mwekundu ambaye Damiani alimpa jina la Kamanda, kwa jina la yule wa mgambo, ili apate kumchapa fimbo kila asubuhi akimtaja. Ndama akakua. Akawa fahali mwenye shingo kama kinu, na kadiri alivyokua Damiani alimchapa kidogo zaidi, mpaka ikafika siku watu wakamwona anampangusa macho kwa shati lake.

Miaka mitatu ikapita. Mwaka wa sabini na saba nchi zile tatu zikagombania shirika lao kama watoto wa marehemu wanaogombania ng'ombe mmoja, huyu kashika pembe, huyu kashika mkia. Ndege nyingi zikabaki Nairobi. Jumanne moja Gaspari aliwasha moshi, akakaa kwenye pipa mpaka jua likazama, pasije kitu. Ijumaa hivyohivyo. Juma la tatu hivyohivyo. Mvua zilikuwa nzuri mwaka ule, nyasi zikamfika kiunoni, naye akafyeka peke yake, kutoka pipa la kwanza mpaka la mwisho, akimaliza anaanza upya.

Mwenyekiti wa kijiji, Alphonce, mtu mnene mwenye sauti nyembamba, alimfuata.

"Ndugu Gaspari, unamfyekea nani?"

"Ndege."

"Ndege imekufa. Hata redio imesema."

"Redio imesema tutakuwa na shirika letu wenyewe."

"Shirika letu litakwenda kwa wakubwa, Dar es Salaam, Mwanza, Kilimanjaro. Hapa watakuja kuchukua nini, mlenda? Kijiji kinataka shamba la ujamaa. Hapa pamesawazishwa, trekta litapita kama kisu kwenye siagi. Nimekwisha kusema na wilaya. Ikifika mwisho wa mwezi wa tano ndege haijatua, tunalima."

"Ikitua?"

"Ikitua, nitakuja kukushika miguu," akasema Alphonce, na wale waliofuatana naye wakacheka.

Sasa hapa lazima umjue Kefa. Kefa alikuwa Mnyiramba wa Misigiri, karani wa posta mjini, mfupi, mwenye baiskeli na mdomo. Mnyiramba na Mnyaturu ni watani, na hawa wawili walikuwa watani wa kupita kiasi. Mara moja Kefa alikwenda stendi ya mabasi akatangaza kwamba Gaspari amekufa, amekanyagwa na ndege. Wakwe zake wakaja na mbuzi na vilio mpaka mlangoni, wakamkuta anakula ugali. Raheli alimfukuza Kefa na mwiko kilomita nzima. Lakini alimfukuza akicheka, kwa sababu mtani hakasirikiwi. Akikutukana ni haki yake, akikunyang'anya kofia ni haki yake, na kila akisemacho unakipunguza nusu kabla hakijaingia sikioni.

Jumatatu ya juma la mwisho la mwezi wa tano, Gaspari aliingia posta.

"Mnyaturu!" Kefa akapaza sauti. "Umekuja kula stempu tena? Si biskuti hizo."

"Nimekuja kuona kama Mnyiramba amejifunza kusoma."

"Nimejifunza. Sikiliza." Kefa akaivuta simu ya maandishi kutoka chini ya kitabu, akaisoma taratibu. Shirika jipya la taifa litaleta ndege ndogo Jumatano, saa nne asubuhi, yenye watu wa kukagua viwanja. Kiwanja kitakachofaa kitaingia kwenye ratiba. Ndege ikishindwa kutua haitarudi.

Gaspari alishika meza.

"Jumatano," akasema.

"Jumatano. Sasa mtani, nisikilize la pili." Kefa akashusha sauti. "Wilaya ilikwisha kumpa Mwenyekiti habari hii, na jana kilabuni nilikaa nyuma ya kaka yako. Amesema Jumatano ataingiza ng'ombe wote uwanjani. Amesema ndege ikitaka kushuka ishuke juu ya ng'ombe au juu yake. Na Mwenyekiti alikuwapo, akajidai anatafuta kiberiti chini ya meza."

Gaspari akacheka. Alicheka mpaka akapangusa macho.

"Na wewe Mnyiramba utakuwa umeshika mkia wa yupi?"

"Nasema kweli."

"Siku Mnyiramba akisema kweli, kuku watanyonyesha."

"Naapa kwa mama yangu, Gaspari."

"Una mama? Mimi nilijua mlitotolewa."

Kefa akaweka mikono miwili juu ya meza. Uso wake haukuwa na mchezo hata kidogo, lakini uso huo Gaspari aliuona siku wakwe walipokuja na mbuzi, ulikuwa ni uleule. Kefa akajaribu tena mara mbili, na kila alivyozidi kuapa ndivyo Gaspari alivyozidi kucheka. Mwisho karani akapandwa na hasira ya kweli:

"Basi nenda ukafe, punda wewe!"

"Nitakuachia kwato, mtani," Gaspari akasema, akatoka akipiga mluzi.

Jumatano alianza kazi kabla ya jua. Alifagia njia ya ndege kwa tawi. Mapipa yalikuwa meupe kama meno ya mtoto. Raheli alimletea uji uwanjani, akakaa kwenye pipa, akamtazama mumewe anavyokunywa amesimama.

"Baba Dina, umevaa shati la kanisani."

"Ndiyo."

Saa nne kasoro akawasha moshi. Ulipanda wima, kisha ukalala kuelekea kaskazini. Na muda huohuo sauti ikasikika upande wa Manyoni, nyembamba kama nzi ndani ya kibuyu. Gaspari aliisikia kabla ya mtu yeyote. Machozi yalimtoka, wala hakuyafuta.

Raheli ndiye aliyesema: "Na wale?"

Kutoka Kambini, kupitia katikati ya mapipa, ng'ombe walikuwa wanaingia. Wote. Walikwenda moja kwa moja mpaka katikati ya njia, na mbele yao alikuwa Kamanda, na nyuma yao Damiani na fimbo yake begani. Hakuwa anakimbia. Alitembea kama mtu anayekwenda kanisani mapema.

Gaspari alichukua rungu na panga la kukatia vichaka, akakimbia. Zilikuwa hatua mia nne. Alipofika alianza kupiga: pua, pembe, migongo. Ng'ombe wakachanganyikiwa, wakarukiana, ndama wakakanyagwa, jike mmoja akavunjika pembe ikaning'inia. Damiani naye akampiga kwa fimbo kisogoni, mgongoni, mikononi, bila neno, na Gaspari hakugeuka, aliendelea na ng'ombe. Dakika chache tu kundi lote lilikuwa linatimka vumbi kurudi Kambini.

Isipokuwa Kamanda. Fahali alisimama katikati ya njia ya ndege, miguu minne imekita, kichwa kimegeukia kule kwenye sauti. Labda alidhani ni fahali mwenzake. Alikwaruza chini. Gaspari alimpiga rungu la uso, akatikisa kichwa tu. Alimpiga la jicho, jicho likapasuka, na hakuondoka. Ndege ilikuwa imekwisha kuonekana, mabawa yake juu ya mgongo, inaelekeza pua chini.

Gaspari akalitupa rungu. Akapita nyuma, akakata kano za mguu wa nyuma kwa pigo moja. Fahali akakaa kitako kama mbwa, akalia, na mlio huo ulimfanya Raheli afunike masikio kule aliko. Gaspari akamwendea shingoni. La kwanza, la pili, la tatu. Damu ilimrukia shati la kanisani mpaka kola. Kamanda akalala ubavu, miguu ikapiga hewa kidogo, ikatulia.

Hapo ndipo Gaspari alipoelewa alichofanya. Ng'ombe hai hupigwa akaondoka. Ng'ombe mfu haondoki. Alikuwa ameweka pale kitu ambacho watu kumi hawakiinui, katikati kabisa, na ndege inashuka.

Rubani aliona. Injini zikanguruma, ndege ikapita juu yao chini sana hata vumbi likainuka, ikapanda, ikaanza kuzunguka.

Damiani alikuwa amepiga magoti. Alishika kichwa cha fahali kwa mikono miwili. Kisha akalichukua lile panga mahali Gaspari alipoliangusha, akasimama, akampiga nalo begani. Lingeingia shingoni kama Gaspari asingeinama. Wakakamatana. Waliviringika juu ya damu, ndugu wa tumbo moja, mmoja ana miaka hamsini mwingine ana arobaini na tano, wakiumana masikio. Damiani alipata kipande cha sikio, akakitema.

Na kijiji kikaja mbio, lakini si kuamua ugomvi. Tangu Pasaka hakuna aliyekula nyama Kambini. Wanaume walikuja na visu, wanawake na mabeseni, watoto na majani ya kufungia, Alphonce mwenyewe akiwa na shoka, na kwa muda mfupi njia ya ndege ilikuwa imejaa watu kama mnada. Ndege ikapita mara ya pili, ikapanda tena.

"Tokeni!" Gaspari akapiga kelele, damu inamtoka sikioni na begani. "Tokeni, atashindwa kutua!"

"Asitue," akasema Alphonce kwa ile sauti yake nyembamba, akimpima fahali kwa macho aanzie wapi. "Nani amemwita?"

Ndipo baiskeli ilipoingia katikati ya watu, kengele inalia, na Kefa akaruka kabla haijasimama. Alikuwa amefunga posta. Hakumtazama Gaspari wala Damiani. Alipanda juu ya mzoga, akakaa, akakunja miguu kama mzee kwenye kigoda.

"Mtani nimefika!" akatangaza. "Mmefiwa na fahali, na mtani ndiye nimekaa juu ya maiti. Nani atanikomboa?"

Watu walisimama na visu vyao. Ni desturi: mtani akikalia maiti, hakuna kinachoendelea mpaka akombolewe, hata jeneza halishuki kaburini. Hata Alphonce alishusha shoka.

"Ondoka, Mnyiramba," akasema. "Huu si msiba."

"Si msiba? Huoni wanavyolia hawa wawili, mmoja hana sikio? Nikomboeni."

"Unataka nini?"

"Nataka kivuli! Mimi silii msiba juani kama Mnyaturu. Nivuteni na fahali wangu mpaka kwenye ule mgunga, pale nje ya mapipa. Pale nitashuka na kila mtu atakata. Atakayekata hapa, namtangaza stendi kwamba amekufa, na wakwe zake watakuja kula mbuzi wake wote!"

Kicheko kilianzia kwa wanawake. Halafu kamba zikatoka, ngozi za kufungia ng'ombe, kanga zilizosokotwa. Watu ishirini wakashika. Gaspari alishika kwa mkono mmoja uliobaki na nguvu. Wakavuta huku Kefa amekaa juu anawachapa kwa kofia yake, "Vuteni, punda wangu!", na mzoga ukateleza ukiacha mfereji mpana wa damu mpaka kwenye mgunga.

Njia ikabaki wazi. Ndege ilikuwa imezunguka mara ya tatu, sasa inarudi, pua chini.

Njia ilikuwa wazi isipokuwa Damiani. Alikuwa amelala chali pale damu ilipokuwa nyingi, mikono ameifungua.

Kefa alimkimbilia wa kwanza. "Mtani wangu mkubwa, inuka, utaliwa na nzi."

"Leo sina mtani," Damiani akasema, na Kefa akarudi nyuma kama aliyepigwa kofi, kwa maana neno hilo halisemwi.

Gaspari akaja na rungu.

"Kaka, toka."

Damiani alimtazama. Ilikuwa mara ya kwanza kumwambia neno baada ya miaka mitatu. "Nichome basi," akasema. "Mafuta si unayo."

"Kaka, nilipewa amri. Sikuuliza. Najua sikuuliza. Toka."

Damiani akafumba macho. Gaspari akamshika mkono amvute, Damiani akamkita teke la tumbo akaanguka. Akainuka akamshika tena, akaumwa kidole mpaka mfupa. Sauti ilikuwa imejaa mbingu yote sasa. Basi Gaspari akainua rungu la mpingo, akampiga kaka yake mguu, chini ya goti, pigo ambalo hakuwahi kumpiga mlevi wala mchungaji. Mfupa ulilia kama kuni kavu. Damiani akapiga yowe na nguvu zote zikamtoka, na Gaspari akamkamata kwapani akamburuta kinyumenyume, mguu unafuata kwa upande wake peke yake. Walianguka pamoja nyuma ya pipa. Upepo wa bawa uliwapitia ukawamwagia mchanga, na magurudumu yakagusa ardhi, yakapita juu ya damu, yakaacha mistari miwili myekundu mpaka ndege iliposimama.

Walishuka watu watatu. Mkubwa wao alikuwa na shati jeupe na kalamu mbili mfukoni. Alitazama mistari ile, akatazama watu kule mgungani wanakata nyama, akamtazama Gaspari aliyekuja mbele yake anachechemea, sikio moja nusu.

"Nini kimetokea hapa?"

"Ng'ombe aliingia, mzee. Ametoka. Uwanja uko tayari."

Kisha wakapima. Walitembea urefu wote kwa gurudumu lao la kupimia, wakachoma ardhi kwa chuma, wakahesabu mapipa, wakautazama mfuko wa upepo. Gaspari aliwafuata hatua kumi nyuma, damu inadondoka kwenye vidole. Walipomaliza yule mkubwa akaandika, akafunga daftari.

"Nyasi zimefyekwa vizuri," akasema. "Nani amekuwa akikulipa tangu mwezi wa pili?"

"Hakuna."

"Mtakuwa na ndege Alhamisi." Akageuza uso kwa Damiani aliyelazwa chini ya bawa, Raheli amemfunga mguu kwa vijiti na kanga yake. "Na huyu?"

"Ni kaka yangu."

"Mguu huo unataka hospitali kubwa. Tunapita Dodoma, nafasi ipo. Lakini simpakii mtu bila uzito."

Kwa hiyo Gaspari akamnyanyua, akamsimamisha kwa mguu mmoja juu ya mizani ya karanga, akamshika kiuno asianguke, akasogeza jiwe la mizani kwa kidole kilichoumwa. Damiani alimtemea mate usoni. Gaspari akasoma bila kujifuta: "Kilo hamsini na tatu." Kefa akaandika. Hivyo ndivyo abiria wa kwanza wa shirika la taifa alivyoondoka Singida, akilia kwa hasira kuliko kwa maumivu, na wanawe wakimtazama na vipande vya nyama mikononi.

Alphonce hakuja kumshika mtu miguu. Shamba la ujamaa lilikwenda upande mwingine. Gaspari alipewa sare ya kaki yenye twiga kifuani. Wazee wa ukoo walikaa, wakaamua asinywe tena kwenye kibuyu kimoja nao, kwa kuvunja mfupa wa mkubwa wake. Alikubali akiwa amesimama. Kefa alikaa miezi mingi bila kumtania, kisha akaanza tena, lakini sasa kila Kefa alipofungua mdomo Gaspari alimtazama usoni kwanza.

Damiani alirudi baada ya miezi mitano, kwa basi, mguu mmoja mfupi kuliko mwingine. Alhamisi ya kwanza, moshi umekwisha kuwashwa na ndege inasikika, alitoka kibandani kwake na gongo, akaingia katikati ya njia ya ndege, akakaa.

Watu wa Kambini wote walisimama milangoni. Gaspari alitazama angani, akatazama rungu lililoegemezwa kwenye pipa. Aliliacha pale. Alikwenda mbio mikono mitupu, akapiga magoti, akageuza mgongo.

"Panda, kaka."

Damiani alimpiga gongo la kichwa. Gaspari akavuta mikono ile ikapita mabegani mwake, akainuka naye mgongoni, akaanza kutembea. Njia nzima mpaka nje ya mapipa Damiani alimpiga ngumi za shingo, za uso, za lile sikio bovu, na Gaspari akatembea kama punda aliyebeba chumvi. Alimshusha kivulini. Ndege ikatua. Akaenda kupima abiria, damu inamtoka puani.

Alhamisi iliyofuata Damiani alikuwa pale tena.

Miaka minne ilikwenda hivyo, kila Alhamisi ambayo ndege ilikuja, mmoja anakaa na mwingine anabeba. Wageni walioona kutoka dirishani waliuliza, wakaambiwa ni ndugu. Mwaka wa tatu ngumi zilikuwa zimepungua nguvu, kwa uzee labda. Lakini hakuwahi kuacha kupiga, wala hakuwahi kuitikia shikamoo, na Gaspari aliitoa kila mara kabla ya kugeuza mgongo.